Nguzo, Mlango na Kreti za Bia: Mwongozo kwa Mjenga Jukwaa wa Mzumbe

Kama unasoma mwongozo huu, basi umeshachaguliwa. Kikundi chenu cha ridhaa kilikaa kikao, kikapitisha kwamba mwaka huu mtatoa igizo la nyimbo, lenye kwaya, ngoma na magitaa mawili, na wewe uliyetoka nje kupokea simu wakati wa ajenda ya tatu ulirudi ukakuta ni mwenyekiti wa kamati ndogo ya mandhari. Hongera. Wenzako walikuwa wameshajigawia uimbaji, maleba, matangazo na chakula. Mandhari hubaki mwisho kama masufuria ya ubwabwa baada ya shughuli: kila mtu ameyaona, na kila mtu amekumbuka ghafla kwamba ana safari.

Nimekishika cheo hicho mara nne hapa Mzumbe. Nimejenga ikulu, zahanati, pango la simba na nguzo. Vitatu vya kwanza vilianguka. Nguzo, ambayo peke yake haikutakiwa kusimama, ilisimama. Nitaifikia.

Jua ulipo

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara kuu ya Iringa unakwenda hadi Sangasanga, unakata kushoto, na baada ya mwendo mfupi uko Mzumbe. Jumla ni kilomita ishirini na ushee. Mbele yako imekaa Milima ya Uluguru, mikubwa, ya kijani, yenye ukungu unaopanda na kushuka bila kuvutwa kamba na mtu. Hilo ndilo tatizo lako la kwanza. Hadhira ya hapa huamka kila siku na mandhari ambayo hakuna kamati ndogo itakayoipata kwa bajeti yoyote, kisha saa moja jioni inaitwa ukumbini kutazama mlima wako wa plaiwudi.

Tatizo la pili ni watu wenyewe. Mahali hapa palianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Kwa miaka sabini wamepita hapa watu wa utawala, sheria, uhasibu, ununuzi na ugavi. Ukiita kikao cha kutafuta mlango mkuukuu, hutapata mtu mwenye mlango. Utapata watatu wanaouliza nukuu tatu za bei ziko wapi. Mimi niliwahi kuombwa nukuu tatu za mlango niliokuwa napewa bure. Nikazileta: moja ya mwenye mlango, moja ya shemeji yake, na ya tatu niliyoiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kamati ikakaa, ikachagua ya shemeji, kwa kuwa ilikuwa na muhuri.

Jambo la tatu si tatizo, ila linakuhusu. Morogoro ni mji wa masikio. Hapa ndipo ilipokuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na hapa ndipo ilipotoka Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe iliyokwenda kupiga hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Wajukuu wa wale waliocheza muziki huo ndio watakaokaa mbele yako. Watausamehe ukuta unaotikisika. Gitaa lililolegea nyuzi hawatalisamehe. Kwa hiyo kabla hujapima kitu chochote, pima mahali pa kukaa wapigaji. Wajenga jukwaa wote husahau wapigaji, na ndiyo sababu katika ikulu yangu mpiga tumba alikaa nje ya dirisha, akaingia ndani mara moja tu, ikulu ilipomwangukia.

Kutafuta

Huko Uingereza na Marekani vikundi vya ridhaa kama chenu hukodi mandhari nzima. Wanataka kijiji cha Urusi au mtaa wa London, kuna ghala litakalowaletea kwa lori, kila kipande kikiwa na namba mgongoni, na baada ya wiki lori linarudi kuchukua. Usisumbuke kutafuta ghala hilo pale stendi ya Msamvu.

Morogoro mtu anayekodisha mandhari ni mmoja tu, naye hajui kwamba anaikodisha. Ni mpambaji wa harusi. Ana mapazia ya satini ya rangi kumi na mbili, ana kapeti jekundu, ana geti la maua ya plastiki, ana taa za kumetameta, na ana vile viti viwili vya maharusi vyenye migongo mirefu ya dhahabu. Ndiyo maana mfalme yeyote utakayemwona katika maigizo ya mkoa huu, awe Herode, Farao au chifu wa kale, amekaa kwenye kiti cha bibi harusi. Nimemwona Farao akiwakatalia Waisraeli ruhusa ya kuondoka huku nyuma yake zikiwaka herufi mbili kubwa, J na M, za wachumba wa wiki iliyotangulia, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzishusha.

Usicheke. Mapambo hayo ni mazuri, na Mama mpambaji atakupunguzia bei ukimwamkia vizuri na kumwahidi kiti cha mbele. Ila sikiliza hapa, maana hapa ndipo wageni wote wanapopotea: huazimi kitu, unamwazima mwenye kitu. Mama atakuja. Atakaa kiti cha mbele. Macho yake hayatakuwa kwa Musa, yatakuwa kwa pindo la pazia lake, na Musa akilikanyaga utasikia sauti ya mama kuliko utakavyosikia kwaya.

Jukwaa la kuinuka ni kreti za bia. Hakuna kilichowahi kubuniwa chenye nguvu na usawa kama kreti: zinapangwa, zinafungwa kwa kamba ya katani, zinawekwa mbao juu, zinafunikwa kapeti. Kwaya ya kanisa inaweza kusimama juu yake usiku kucha ikimsifu Mungu bila kujua imesimama juu ya nini, mradi umeyageuza maandishi yaangalie ndani. Mwenye baa atakuazima kwa rehani. Ila Jumamosi saa kumi alasiri lori la vinywaji linakuja, na lori likija halichukui maelezo, linachukua kreti. Mpambaji naye Jumamosi ana harusi. Ijumaa baa inajaa. Alhamisi kwaya ina mazoezi, Jumapili kila mtu yuko kanisani, Jumatatu na Jumanne watu wamechoka na Jumapili. Sasa unaelewa kwa nini maigizo yetu hufanyika Jumatano, siku ambayo hakuna anayeoa na hakuna anayekunywa kwa bidii.

Mianzi na miti ya kusimamishia ni hadithi nyingine. Usipande mlimani na panga. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na sijawahi kukutana na ofisa misitu aliyelainishwa na neno "igizo". Mianzi ya shambani inatosha, lakini hata hiyo ina adabu yake. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mimi nilikwenda kwa baba mwenye nyumba, nikamwamkia, akanikaribisha, akanipa ruhusa kwa moyo mweupe, nikakata mianzi kumi na minne. Nilipokuwa naifunga akatokea mzee mwingine, mpole, amevaa kofia, akaniuliza, "Kijana, nani amekupa?" Nikamwambia baba. Akasema, "Baba ni mkwe wetu hapa. Mimi ndiye mjomba." Tulikaa hadi jua likachwa. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba angekuja kuiona mianzi yake inavyotumika. Alikuja, akiwa na wapwa watano.

Usafiri ni rahisi kuliko yote. Barabara inayopita Mzumbe ndiyo inayopanda Mlali hadi Mgeta, na kila alfajiri Fuso zinashuka zimejaa kabichi, karoti na viazi, zikirudi juu tupu. Ngoja pale Sangasanga na mbao zako, mwelewane bei na dereva, atakushushia mlangoni. Msitu wetu wa pango la simba ulinukia kabichi hadi usiku wa mwisho, lakini simba hakulalamika.

Fundi

Usimwogope fundi mbabaishaji. Mwogope fundi wa kweli. Seremala mzuri amezoea kujenga vitu vya kukaa: kenchi, madawati, fremu za mninga. Nenda sasa umwambie unataka ukuta. Atakuuliza wa nyumba gani. Mwambie si wa nyumba, ni wa igizo, upande wa mbele tu, mwepesi, wa kukaa siku moja kisha ubomolewe. Atakutazama kama mtu aliyetumwa na tajiri mgonjwa.

"Mwalimu," wa kwangu aliniuliza, "nyuma kutakuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa mtu akipita nyuma?"

"Haruhusiwi kupita."

Akafikiri, akapiga rula kwenye paja. "Nitakuwekea na nyuma. Hiyo usilipe."

Ndivyo zahanati yetu ilivyopata kuta za pande zote, kenchi halisi, na kizingiti ambacho mpaka leo sijaona cha kukilinganisha. Ilihitaji wanaume wanane kuiingiza jukwaani. Katika kitendo cha pili ilitakiwa itoke gizani wakati kwaya ikiimba ubeti mmoja. Kwaya iliimba ubeti ule mara kumi na moja. Wazee walisema wimbo ni mzuri ila mrefu. Kwenye mara ya kumi na moja kreti za chini zikaachia, na zahanati ikalala chali taratibu, nzima, kama mtu aliyechoka. Haikuvunjika hata msumari. Fundi aliwaonyesha watu.

Unachokitaka kweli ni kitu hiki, na kiandike kwenye karatasi kabla hujaenda: fremu ya mbao za mbili kwa mbili, futi nane kwenda juu na futi nne upana, yenye mbao moja ya kukatiza katikati na vipande vya pembetatu kwenye kona ili isipinde. Juu yake unavuta kitambaa cha marekani, unakibana kwa misumari midogo, unakipaka uji wa unga wa muhogo kikauke kikazike kama ngoma, ndipo unapaka rangi ya maji. Nyuma unaweka mguu mmoja wa mbao ulioinama, na juu ya mguu kiroba cha mchanga. Kijana mmoja anaubeba ukuta huo kwa mkono mmoja. Ni kazi ya nusu siku. Katika miaka yote sijapata fundi aliyekubali kuifanya bila kuiongezea kitu.

Isipokuwa mmoja, na ushauri huu nautoa bila mzaha: nenda kwa fundi wa majeneza. Yeye peke yake anajua kwamba siku haisogezwi. Ukimwambia Jumatano saa nane, hasemi "tutaangalia." Anajua kitu kitabebwa na watu, kwa hiyo anakifanya chepesi. Anajua kinachoonekana na kisichoonekana, na msasa wake anaumalizia upande unaoonekana. Hakuulizi kitadumu miaka mingapi. Kasoro yake ni mazoea. Kitanda cha mgonjwa wa zahanati alituletea kwa wakati, kimepigwa vanishi, chepesi, kizuri, kina mishikio sita ya shaba, mitatu kila upande. Mgonjwa alipoingizwa amelala, hadhira yote ilisimama na wanaume wakavua kofia.

Rangi na mbuzi

Uji wa muhogo una wapenzi wengine. Ukuta ukiachwa nje ukauke, aliyeuona kwanza ni mbuzi. Sisi tuliagiza mchoro wa Uluguru kwenye kitambaa cha futi ishirini, tukauanika kwenye uzio kijijini Changarawe, tukaenda kula. Tuliporudi kilele kilichotakiwa kuwa Lupanga kilikuwa kimeliwa chote pamoja na mawingu. Mwenye mbuzi alidai fidia, kwa hofu ya rangi.

Ni afadhali vilevile, kwa maana mchoraji wetu alikuwa mtu wa mabango, na watu wa mabango mlima wanaoujua ni mmoja. Alisimama ameupa mgongo mlima wenyewe, brashi mkononi, akachora Kilimanjaro. Theluji, twiga, jua linazama, mgunga mmoja upande wa kulia. Nilipomwambia ageuke nyuma aangalie, aligeuka, akaangalia, akasema, "Ule hauna theluji, mwalimu. Watu hawataujua."

Rangi za dukani ni ghali na kamati itataka risiti. Udongo mwekundu wa kandokando ya barabara, ukichekechwa na kuchanganywa na uji uleule, hutoa ukuta wa nyumba ya kijijini ambao hakuna rangi ya kopo itakayouiga. Masizi ya sufuria hutoa weusi wa usiku. Chokaa ni chokaa. Ila usipange onyesho la nje kati ya Machi na Mei. Upande huu wa magharibi wa milima hupata mvua kidogo kuliko ule wa mashariki, na wenyeji watakwambia hivyo kwa kujiamini, lakini masika ni masika: rangi ya maji itarudi kuwa maji. Ukihamia ndani utakuwa chini ya bati, na mvua ikipiga bati kwaya nzima inakuwa watu wanaofungua na kufunga midomo.

Moto usiulete. Koroboi halisi ni nzuri sana jukwaani, hasa penye makuti na marekani iliyopakwa uji mkavu. Ukumbi mkubwa wa sanaa kule Bagamoyo, ulioezekwa makuti, uliungua mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ukalazimika kujengwa upya, na wale walikuwa watu wa fani. Tumia tochi, ivishe karatasi ya njano.

Hodi

Nimekueleza jinsi ya kutafuta mlango, lakini sijakwambia kwamba huuhitaji.

Miaka ya tisini vikundi vikubwa vya sanaa vya Dar es Salaam, Muungano Cultural Troupe na TOT ya Kapteni John Komba, vilikuwa vikijaza kumbi za baa wiki hadi wiki. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu na igizo. Igizo lilikuwa na meza, viti na kanga. Mwigizaji anasimama mahali pasipo na kitu, anasema "Hodi!" Wa ndani anajibu "Karibu!" Mlango umeshajengwa. Una bawaba, una kizingiti, una hata jirani anayechungulia. Mlango huo haujawahi kukwama, haujawahi kufungukia upande usio wake, na hakuna shemeji aliyeutolea nukuu. Lugha yetu imetupa seremala wa bure. "Paukwa" nayo ni pazia: ukiisema, na watu wakajibu "Pakawa," limeshafunguka.

Jaribu kuieleza kamati hilo. Watakwambia watu wamelipa kiingilio.

Wala sisemi watu wa kawaida hawawezi kujenga. Mwaka 1977 kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, wakulima na vibarua walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000, kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda, igizo la nyimbo na ngoma la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kielelezo chao cha ujenzi kilitengenezwa kwa njiti za kiberiti. Hakuna aliyelipwa, na jukwaa lilishika. Igizo lilinyimwa kibali baada ya wiki chache tu, na mwaka 1982, walipokuwa wanataka kurudi na igizo jingine la nyimbo, polisi walikwenda wakaubomoa ukumbi. Katika historia yote ya majukwaa ya ridhaa ya Afrika Mashariki hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi, na ndilo ambalo halikuanguka lenyewe. Kwa hiyo kibali cha Baraza la Sanaa kishughulikie mapema, na ruhusa ya mwandishi pia. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haina kifungu cha "sisi ni wa ridhaa."

Jumatano

Mara ya nne nilidhani nimejifunza. Tulichagua Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982, kwa sababu tatu. Mwandishi ni wa kwetu, kazaliwa Berega, Kilosa, mkoa huuhuu. Igizo lina nyimbo, lina ngoma, lina msimulizi, kwa hiyo masikio ya Morogoro yatashiba. Na mandhari yake, ukiisoma kwa jicho la mwenyekiti wa kamati ndogo, ni raha tupu: ni kitu kimoja. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Kila mmoja ana lake linalomvuta nyuma. Nguzo haisimami. Nilisoma hapo nikafunga kitabu nikacheka peke yangu. Hatimaye nimepata mandhari ambayo ikianguka imefanya kazi yake.

Nguzo niliitaka nyepesi, ionekane nzito. Nilimrudia fundi wa zahanati, kwa kuwa wa majeneza wiki hiyo alikuwa na kazi nyingi, Mungu awapumzishe. Safari hii fundi alinielewa. Mianzi mitatu ya mjomba iliyofungwa pamoja, ngozi ya viroba vya mbolea vilivyofumuliwa, marekani juu, udongo mwekundu na masizi kwa michirizi. Futi kumi na mbili. Uzito wake kama kuku wawili. Ukiiona kwa mbali ungeapa ni mnazi uliokatwa jana. Nikamwambia, "Fundi, umenimaliza." Akaniuliza Jumatano ni saa ngapi.

Ukumbi ulijaa. Mama mpambaji mbele, macho kwenye pindo. Mwenye baa kando yake akihesabu kreti kwa midomo. Mjomba na wapwa. Katika safu ya pili fundi, amevaa kanzu, mkewe kulia, mama mkwe wake kushoto.

Nakuomba uliweke akilini hilo la mama mkwe.

Wanawake wakaingia wakiimba. Wakaishika kamba. Waliigiza uzito hadi mishipa ikawatoka. Ile nguzo ya kuku wawili walivyoihangaikia, hata mimi niliyeibeba kwa baiskeli niliwaonea huruma. Ikainuka kidogo, ikalala. Wimbo. Ikainuka, ikalala. Mara ya tatu nikaona fundi anajigeuzageuza kitini. Mama mkwe alimwinamia akamwuliza kitu. Sikusikia, lakini jibu nililisikia, na ukumbi wote ulilisikia:

"Inasimama, mama! Nimeipima mwenyewe!"

Alikuwa ameshafika jukwaani. Alisema "Samahani, mama zangu," akawasogeza kwa adabu kubwa, akaikamata nguzo kwa mkono mmoja, mkono mmoja tu, akaisimamisha kwenye kitako chake, akaitikisa kuonyesha kwamba haitikisiki. Kisha akapangusa mikono, akashuka, akakaa.

Kimya. Msimulizi, ambaye alikuwa na kurasa nyingi za kusimulia kwa nini nguzo haisimami, aliitazama nguzo iliyosimama. Ndipo mpiga ngoma, mtu wa Morogoro, akafanya alichoweza: akapiga. Vigelegele vikatoka safu ya pili, sauti ya mama mkwe juu ya zote. Tulimaliza dakika arobaini kabla ya wakati. Katibu wetu, msomi wa utawala, aliandika kwenye muhtasari: "Nguzo ilisimama nje ya ratiba."

Waigizaji hawakuongea na mimi wiki mbili, na walikuwa na haki. Lakini nje, penye soda, msomi mmoja alinishika mkono kwa nguvu. Alisema hajawahi kuona tafsiri kali namna ile: wanawake wamehangaika igizo zima, halafu anatokea mwanamume kutoka kwenye hadhira, amevaa kanzu safi, anafanya kwa mkono mmoja na kushangiliwa na mwanamke mwenzao. Akataka kujua wazo lilikuwa la nani. Nikamwonyesha fundi, aliyekuwa anamweleza mwenye baa jinsi ya kufunga mianzi.

Baada ya onyesho, tayarisha daftari la kurudisha vitu, na rudisha usiku uleule kabla watu hawajaanza kupenda vitu vya wenzao. Mapazia yalirudi. Kreti zilirudi, pungufu moja, ambayo bado nadaiwa. Nguzo haikuwa na pa kurudi, ikachukuliwa na vijana wa bodaboda, na sasa iko kijiweni kwao Changarawe, imeshikilia pembe ya turubai. Masika mbili zimeipita. Fundi hupita pale asubuhi, anaisukuma kidogo kwa kiganja, anaendelea na safari yake. Mkiihitaji kwa igizo lenu, msiwaombe bodaboda. Kamwombeni fundi, na mmpe kiti cha nyuma kabisa.